Kifungua Mimba

Tangazo lilisomwa redioni asubuhi ya Jumanne, baada ya taarifa za vifo na kabla ya bei za mazao. Lilisema ardhi ya reli ya zamani, ile iliyolala tangu treni ziache kupita, imepata kazi nyingine: itajengwa barabara. Wenye makaburi ya ndugu zao kwenye stesheni zilizofungwa wajitokeze ofisini ndani ya siku thelathini, wajaze fomu, waonyeshe kaburi lilipo, na mabaki yahamishwe. Baada ya hapo tingatinga litapita, na malalamiko hayatapokelewa.

Mama Stesheni alikuwa anachambua maharage. Mikono yake haikusimama. Alichambua mpaka yakaisha, akayabandika, akavaa viatu vya kutokea, akamwambia mumewe kwamba anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Hakuwa mtu wa uongo. Lakini neno lililompeleka lilikuwa limekaa kifuani kwake miaka arobaini na moja, na neno lililokaa muda wote huo halitoki kirahisi, mbele ya ungo wa maharage, redio ikiendelea kutaja bei ya vitunguu.

Jina la Mama Stesheni alilipata kwa majirani. Mumewe alikuwa stesheni masta kwa maisha yake yote ya kazi, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo, na yeye akifunga na kufungua masanduku nyuma yake. Mume mwenyewe watu walimwita Masta, hata wale waliozaliwa treni zikiwa zimeshakoma. Alikuwa mzee mrefu, mtaratibu, anayeongea kama mtu anayesoma ratiba. Mtaa uliwasifu wawili hao kwa utulivu wao. Hakuna aliyewahi kuwasikia wakigombana. Kimya kikiwa kirefu sana, watu hukiita amani.

Ofisini alikaa kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika. Karani alikuwa binti nadhifu aliyekuwa akitafuna karanga kwa siri kutoka kwenye droo. Alimkaribisha vizuri, akachukua kalamu.

"Marehemu ni nani yako, mama?"

"Mwanangu."

"Una cheti cha kifo?"

Hana. Cha kuzaliwa je? Hana pia, siku hizo, huko, vyeti vilifuatwa mjini mtu akipata nafasi, na nafasi haikupatikana. Karani akauliza marehemu alikuwa na umri gani.

"Miezi kumi."

Kalamu ikalala mezani. "Samahani, mama yangu," karani akasema kwa sauti ya kumwonea huruma. "Hapa tunashughulikia makaburi ya watu."

Hakukusudia ubaya. Alimaanisha makaburi yaliyojengewa, yenye maandishi, yanayoonekana kwenye ramani. Lakini watu wawili waliokuwa kwenye benchi waliinua vichwa, kisha wakaviinamisha haraka, na Mama Stesheni akahisi joto likimpanda shingoni kama mtu aliyekutwa anaomba kitu asichokistahili.

"Alikuwa mtu," akasema. "Alikuwa ameanza kusimama dede."

Karani alifunga droo ya karanga taratibu. Akainuka, akaenda chumba cha ndani, akakaa huko kitambo, akarudi na fomu. Akaeleza, safari hii kwa sauti ya chini, kwamba kwa kuwa mtoto alizikwa katika eneo la kota za reli, sahihi inayotakiwa ni ya mfanyakazi mwenyewe, pamoja na namba yake ya kazi, na asaini kaburini mbele ya msimamizi wa ujenzi. Akauliza kama baba wa mtoto yu hai.

"Yu hai," Mama Stesheni akajibu.

"Basi ni rahisi. Umwambie tu."

*

Alimwambia baada ya chakula cha mchana. Hakusema mengi, aliifungua fomu mbele yake mezani, akainyoosha makunyanzi, akaondoka na vyombo.

Masta alivaa miwani. Aliisoma karatasi kutoka juu hadi chini, akaigeuza nyuma ingawa nyuma hakukuwa na kitu, akaigeuza tena. Mkewe aliporudi kufuta meza alimkuta bado ameishika.

"Nitaiangalia," Masta akasema.

Akaiweka chini ya redio. Ikakaa huko siku ya kwanza, ya pili, juma zima, siku ya kumi na tano. Kila asubuhi Mama Stesheni alipofuta vumbi aliinyanyua redio, akaiona, akairudisha. Kila jioni Masta alipotaka kusikiliza habari aliwasha redio bila kuisogeza, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa jungu la moto. Waliulizana kuhusu chumvi, kuhusu bomba linalovuja, kuhusu dawa za presha. Kuhusu karatasi hawakuulizana.

Aliyeitoa ni binti yao, siku ya kumi na saba, akitafuta betri za tochi. Huyu alikuwa na miaka thelathini na minane na mtaa mzima ulimwita Mikate, kwa sababu aliendesha pikapu ya kiwanda cha mikate, akisambaza madukani tangu alfajiri. Ndoa yake ilikuwa imevunjika kitambo, akarudi kwa wazazi na sanduku moja na maneno machache. Wadogo zake wawili walikuwa na familia zao, mbali. Mikate ndiye aliyelipa umeme, aliyewapeleka wazee hospitali, aliyeamua nani apigiwe simu na nani asisumbuliwe. Tangu akiwa mdogo aliambiwa kwamba huo ndio wajibu wa kifungua mimba. Kwa cheo hicho aliwabeba wadogo zake mgongoni, na kwa cheo hicho hicho aliacha shule ili wao waendelee. Hakuwahi kulalamika. Ukubwa ulimlemea lakini ulikuwa wake.

Sasa alikuwa amesimama na karatasi mkononi, akisoma mwandiko wa mama yake ulioinama kushoto. Uhusiano na marehemu: *mtoto wetu wa kwanza.*

Alimfuata mama yake jikoni. "Mama, mtoto wa kwanza si mimi?"

Mama Stesheni alipunguza moto. Akamwambia akae, na kwa kuwa jikoni kulikuwa na kigoda kimoja, binti akakaa, mama akabaki amesimama, akitazama chungu wakati wote alipokuwa akisimulia.

Alikuwa mvulana. Alizaliwa kwenye kituo kidogo katikati ya pori, kota nne na tangi la maji. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mmoja, Masta ishirini na saba, ndio kwanza amekabidhiwa kituo chake mwenyewe. Mtoto alipotimiza miezi kumi alishikwa na homa. Usiku kucha hakunyonya. Asubuhi macho yalianza kugeuka. Zilikuwa siku za mvua, njia ya gari imekatika, hospitali ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa treni. Treni ya mizigo, ambayo ndiyo iliyozoea kusimama pale, ingefika kesho yake. Lakini saa nne asubuhi ingepita treni ya abiria, ile ya haraka, ambayo haikuwa na ruhusa ya kusimama kituo kidogo kama kile.

"Nilimfunga mgongoni," Mama Stesheni akasema. "Nikaenda kusimama jukwaani. Sikumwomba baba yako. Nilijua mtu hawezi kuombwa jambo kama hilo, analiona mwenyewe."

Treni ilitokea kwenye kona. Masta alikuwa amesimama penye mstari mweupe, amevaa kofia. Akainua bendera. Ilikuwa ya kijani.

"Ilipita. Abiria waliniona na mtoto mgongoni wakanipungia mikono. Walidhani nimekuja kuwasalimu."

Mtoto alikata roho jua linapozama. Walimzika kesho yake asubuhi, nyuma ya tangi la maji, na ile treni ya mizigo ilipofika walikuwa wanapanga mawe juu ya kaburi. Mwaka uliofuata Masta alipandishwa cheo na kuhamishiwa kituo kikubwa zaidi. Mama Stesheni mwenyewe ndiye aliyeshona alama mpya za cheo kwenye koti lake.

"Na hamkuwahi kusemeshana?"

"Tungesema nini? Mimi niliona. Yeye alijua kwamba niliona."

Mikate alitaka kumshika mama yake bega, lakini mama alikuwa ameshainamia chungu kuonja chumvi. Binti akatoka nje. Baba yake alikuwa ameketi barazani na gazeti la juzi. Akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakujua aanzie wapi na mtu huyu, kwa hiyo akaanza na lile analolijua, usafiri. Akasema siku zimebaki kumi na tatu. Jumapili pikapu haina kazi, ameshafikiria kumwomba meneja. Wataondoka alfajiri.

Masta alikunja gazeti mara mbili, mara nne. Mikate alidhani atakataa.

"Tukienda, twende kwa utaratibu," Masta akasema. "Nataka kuziona stesheni zangu zote zilizo njiani. Kuanzia ya kwanza."

*

Jumapili ilikuwa ya mawingu mepesi. Walikaa watatu mbele, mama katikati, na gari lilinuka chachu na sukari. Masta alikuwa amevaa koti na tai. Mikate alipomwona ameshika kiti cha kukunja, chupa ya chai na mwavuli, alijiambia moyoni kwamba mzee anafanya matembezi ya kukumbuka ujana, na akaubamiza mlango wa gari kwa hasira.

Stesheni ya kwanza, ambako Masta alianza kazi akiwa karani wa tiketi, siku hizi ilikuwa mashine ya kusaga. Kuta zilikuwa nyeupe kwa unga mpaka darini. Dirisha la tiketi lilibaki vile vile, na nondo zake tatu na kibao chake kilichochongeka kwa viwiko vya watu. Sasa lilipokea madebe ya mahindi. Masta alilizunguka. Alisimama upande wa nje, walikosimama abiria, akainama, akachungulia ndani.

"Sijawahi kuliona kutoka huku," akasema.

Aligusa nondo ya kati. Akaanza kumweleza mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni jinsi mwisho wa mwaka watu walivyolala hapa siku mbili wakisubiri nafasi, na jinsi alivyotambua kwa mikono tu, bila kuinua uso, nani anakwenda harusini na nani anakwenda msibani. Mama yule alisikiliza kwa adabu. Mwendesha mashine hakusikiliza. Alikuwa ameziba masikio kwa pamba na alichoona ni mzee mwenye tai aliyekingama dirishani.

"Mzee," akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, "kama huna mahindi, wapishe wenye mahindi."

Foleni ilicheka. Mikate alisogea mbele apate kumtetea baba yake, lakini Masta alikuwa ameshapisha. Alirudi garini, akafunga mlango. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia mimi," akasema akifuta macho. "Pale pale. Kama huna nauli, wapishe wenye nauli."

Mama Stesheni alitabasamu kidogo, akitazama mbele.

Stesheni ya pili njiani, ile kubwa Masta aliyohamishiwa baada ya kupandishwa cheo, haikuwa na mtu. Reli zilikuwa zimeng'olewa zikauzwa chuma chakavu, na mataruma ya mbao yaliyokuwa chini yake yamegeuzwa zizi la mbuzi. Nguzo mbili zilizoshika kibao cha jina zilisimama bila kibao, kama magolikipa wawili waliosahauliwa uwanjani. Ndani ya ofisi, ukutani, kulikuwa na duara safi mahali saa ilipotundikwa miaka mingi. Ukuta wote ulikuwa umechafuka isipokuwa hapo. Masta alisimama mbele ya duara lile kwa muda, akaangalia saa yake ya mkononi.

Hapa ndipo Mikate alipozaliwa. Mama alimpeleka kwenye kota. Paa halikuwapo na mpapai ulikuwa umeota chumbani, umebeba matunda mabichi.

"Kitanda kilikuwa hapa," Mama Stesheni akasema, akionyesha shina la mpapai. "Baba yako alipiga kengele ya stesheni uliposikika umelia. Watu walitoka mbio wakadhani treni imewahi."

Hadithi hiyo Mikate alikuwa akiijua tangu utotoni. Ilikuwa hadithi yake, alipenda kuwasimulia wenzake. Lakini mama aliongeza kipande ambacho hajawahi kukisikia. Alisema mwaka ule wa kwanza wa Mikate hakupata usingizi hata mara moja wa kueleweka. Mtoto akikohoa tu, alikuwa ameshamfunga mgongoni na viatu ameshavaa, bila kujua anataka kumpeleka wapi.

Mikate aliuegemea ukuta. Hasira aliyotoka nayo nyumbani haikuondoka, lakini ilianza kukosa mahali pa kukaa.

Huko nje Masta alikuwa ameweka kiti cha kukunja jukwaani na kumimina chai. Alisema wangepumzika. Baada ya chai alisema angependa kuwaonyesha daraja, si mbali, dakika ishirini kwa miguu. Baadaye akataka kuwaonyesha mahali behewa la chumvi lilipoanguka. Alisimulia vizuri, kwa uchangamfu ambao binti hakuuzoea, na kila hadithi ilipoisha alikuwa na nyingine ameshaishika mkononi. Mikate akatambua, akishangaa kwa nini hakutambua mapema. Baba yake hakuwa akikumbuka ujana. Alikuwa anachelewesha.

Mama Stesheni alilitambua hilo mapema zaidi. Alikunja kiti mwenyewe.

"Twende. Tunachelewa."

"Treni hakuna, mama watoto," Masta akasema kwa upole. "Tunachelewa wapi?"

"Unapajua."

*

Walifika stesheni ya tatu saa nane na nusu. Barabara mpya ilikuwa imeshafika karibu, udongo mwekundu uliosawazishwa, na tingatinga la njano limesimama kando ya lililokuwa jukwaa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia ngumu na sauti ya upole. Aliwaamkia wazee kwa heshima, akapokea fomu, akasema wameyapata makaburi sita na kuyawekea vigingi vyenye namba nyekundu. Lao ni lipi?

Si mojawapo. Vigingi vyote vilikuwa upande wa mashariki. Mama Stesheni alisema kaburi lao liko nyuma ya tangi la maji.

Lakini tangi halikuwapo. Kota zilikuwa zimebomoka, vichaka vimefunika kila kitu, na mahali alipopaweka akilini miaka yote hiyo hapakufanana na chochote. Alikwenda hatua kumi huku, akarudi, akaenda kule. Akageuka tena. Msimamizi alisimama na fomu yake, akiangalia pembeni ili asimwaibishe. Mama Stesheni alikuwa ameshika pindo la nguo kuliepusha na miiba, na mwanawe alimwona anavyozidi kuzunguka pale pale, mama aliyepoteza kaburi la mtoto wake mbele ya watu.

"Nilikuwa nalijua," akasema. "Nilikuwa nalijua."

Masta alikuwa bado amesimama karibu na gari. Akaweka mwavuli chini. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye zege lililovunjika, lililofichwa na majani, ambalo kumbe ndilo lililokuwa kitako cha tangi. Akageuka kuelekea mlimani. Akatembea bila kuhesabu, bila kuangalia miguu, kama mtu anayekwenda chooni kwake gizani. Akapinda kushoto, akapiga magoti, akaanza kufyeka majani kwa mikono.

Walipomfikia, mawe yalikuwa yameonekana. Yalikuwa madogo, yamepangwa umbo la kitanda cha mtoto. Yalipakwa chokaa. Si chokaa ya miaka arobaini na moja. Chokaa ya zamani ingekuwa imeshaliwa na mvua. Hii ilikuwa tabaka juu ya tabaka, nene, iliyopasuka kama maganda ya yai.

Mama Stesheni alichuchumaa. Alibandua ganda moja kwa ukucha, akaliona la chini yake, na la chini ya lile.

"Nani alipaka?"

Masta alijifuta udongo viganjani. "Mimi."

"Lini?"

"Kila mwaka. Nilikuwa na pasi ya treni. Treni zilipokoma nilikuja kwa basi, halafu kwa miguu kutoka barabara kuu. Mpaka magoti yalipokataa. Sijafika miaka mitatu."

Mikate alikumbuka mikutano ya kikazi, na baadaye ya wastaafu. Kila mwaka, siku tatu, baba yake akipigiwa pasi shati na kuondoka na begi dogo. Wakati mwingine mama ndiye aliyemfungia chakula cha njiani.

Masta alibaki amepiga magoti. Aliongea akiyaelekea mawe. Akasema siku ile alipiga simu makao makuu kuomba treni isimamishwe. Waliuliza kuna nini, akasema kuna mgonjwa. Wakauliza mgonjwa gani, akasema mtoto. Hakusema wa nani. Wakamwambia treni imeshachelewa dakika arobaini, aipitishe. Bendera zote mbili zilikuwa mezani.

"Nilijua nikiisimamisha nitafukuzwa, na nyumba tutatoka. Nikajiambia homa za watoto hupungua mchana. Nilijidanganya hivyo nikitembea kutoka mezani mpaka jukwaani. Hatua kumi na mbili. Nilipokuona umesimama pale nilikuwa nimeshainua mkono."

Msimamizi alikuwa amerudi nyuma, amewaachia nafasi. Mikate alimtazama mama yake, akitarajia kilio.

Mama Stesheni hakulia. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua.

"Hilo la bendera nililiona kwa macho yangu," akasema. "Nililia, nikakuchukia, nikachoka kukuchukia, nikazaa tena. Hilo nimeshalimaliza. Lakini hili?" Akaonyesha chokaa. "Ulikuwa unakuja kwa mwanangu kila mwaka ukaniacha nyumbani nakupigia pasi shati?"

"Niliona sina haki ya kulia mbele yako."

"Nani aliyekwambia habari ya haki? Mimi nilidhani nimebaki naye peke yangu. Nilidhani umemsahau, wewe na kazi yako. Miaka arobaini na moja nimemlilia bafuni, maji yakimwagika ili usisikie. Kumbe tulikuwa wawili. Tulikuwa wawili, Baba, ukanificha."

Masta aliinua uso. Tai yake ilikuwa imejaa mbegu za majani. Alitaka kusema samahani, na neno lilionekana likimpanda, lakini lilikuwa dogo mno kwa safari ndefu namna ile, likaishia njiani. Alichofanya ni kusogea. Alisogea upande mmoja wa kaburi, akiacha nafasi kando yake, na kungoja.

Ilichukua muda. Upepo ulipita kwenye vichaka. Mama Stesheni alikuwa bado amemkasirikia, na ataendelea kumkasirikia siku nyingi. Lakini magoti nayo yalikuwa yamechoka kuchuchumaa. Akaketi kwenye nafasi ile. Wakaanza kung'oa majani, kila mmoja upande wake, na Mikate akawasaidia upande wa miguuni.

Fomu waliisaini juu ya boneti ya pikapu. Msimamizi alisema limebaki jambo moja, jina la marehemu, ili liandikwe kwenye kibao. Mama Stesheni akalitaja. Masta akamtajia msimamizi herufi moja moja, taratibu, apate kuliandika sawasawa. Mikate alisimama kando akisikiliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia jina la kaka yake.

*

Wafanyakazi walichimba Jumatano. Masta na mkewe walikuwapo tangu asubuhi hadi mwisho. Kilichopatikana kilikuwa kidogo, na si cha kusimuliwa. Mikate alikuwa amekwenda kwa seremala kuagiza sanduku. Seremala aliuliza vipimo, na alipoonyeshwa kwa mikono miwili hakuuliza tena, akachagua ubao usio na fundo. Walimzika Alhamisi kwenye makaburi ya mjini, mahali panapofikika kwa miguu.

Waliporudi nyumbani walikula, kwa kuwa lazima watu wale. Mikate aliwahi kuona nyumba nyingi baada ya mazishi, na alitarajia kile kimya chao cha kawaida kishuke mezani na kukaa mahali pake.

"Alikuwa hapendi uji," Mama Stesheni akasema ghafla.

Masta aliinua kichwa. "Alikuwa anaupenda. Ila uwe vuguvugu."

"Wewe ulijuaje? Ulikuwa kazini."

"Ukienda kuteka maji nilikuwa nampa mimi. Ofisini. Nilimkalisha kwenye mizani ya vifurushi, akitulia."

Mama Stesheni aliweka kijiko chini. Hilo hakulijua. Alilitafakari, akaonekana analitafutia mahali.

"Alikuwa na meno mangapi?" Mikate akauliza.

"Mawili," baba yake akasema.

"Manne," mama akasema.

"Mawili, mama watoto. Ya chini."

"Na ya juu. Yalikuwa yametoka juma lile. Mimi ndiye niliyekuwa namnyonyesha, mimi ndiye niliyeng'atwa, usinifundishe."

"Yalikuwa yanavimba. Hayajatoka."

"Yametoka."

Masta alifungua mdomo wake mwenyewe, akaonyesha kwa kidole ufizi wa chini, hapa na hapa. Mkewe akausogeza mkono ule, akaonyesha na ufizi wa juu. Sauti zilikuwa zimepanda. Jirani aliyekuwa akipita na ndoo alisimama kidogo nje ya dirisha, asiamini masikio yake, kisha akaendelea na safari.

Mikate hakujaribu kuwapatanisha. Alivuta kiti chake karibu, akangoja wapumue.

"Na nywele," akauliza, "alikuwa nazo?"